Dirisha jeusi la wifi Zaituni

Jumanne, hapa Mandewa. Upepo umepiga tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sukari, lakini leo nina furaha hadi nimesahau kula.

Wifi yangu Zaituni, mdogo wake mume wangu, yule aliyesomea kompyuta, katengeneza programu ya Java ya kikundi chetu cha kuku wa kienyeji. Mwenye kuku anaandika anao wangapi, mnunuzi anaona hukohuko aliko. Kompyuta iko sebuleni kwangu, maana intaneti ya waya iko kwangu. Asubuhi kachukua faili moja, kalitia kwenye folda ya Tomcat, ndiyo inayoiendesha hiyo programu. Tukakaa tunaangalia. Faili limetulia kama yai, mara pembeni yake folda ikatokea yenyewe. Limejiangua. Miaka yote ya kufuga sijaona yai la haraka hivyo.

Zaituni akaenda Ikungi kuwaonyesha akina mama wa huko. Wakikubali tunaungana, wakikataa basi, lori la mnunuzi haliji kwa kuku wetu wachache. Mimi kaniachia kulinda kompyuta.

Kulinda tu.

Sasa jirani Mama Neema kapiga hodi. Kaja kuangalia mapazia mapya, namjua. Na kwenye kompyuta kuna dirisha jeusi, maandishi yanakimbia kama siafu. Mgeni anaingia, aikute nyumba vile? Nikalifunga. Nikafunika na kitambaa cha redio juu.

Chai haijapoa, simu.

"Wifi, umegusa nini?"

"Mimi tena? Si umeme huu wa kwetu."

"Umeme ungekatika ungeshanipigia zamani. Akina mama wananitazama hapa, ukurasa haufunguki. Lile dirisha jeusi lipo?"

Nikaanza kumweleza habari za mapazia. Akajua.

"Wifi, ile ndiyo Tomcat yenyewe. Ukilifunga umezima kila kitu. Bonyeza lile faili nililokuonyesha, la kuwashia."

Nikaondoa kitambaa, Mama Neema kanichungulia begani. Nikabonyeza mara mbili. Dirisha likarudi, siafu wakakimbia. Kwenye simu, Zaituni anawaambia wafungue tena.

Halafu vigelegele.

Wamekubali. Wakaanza kuandika kuku wao palepale, na mimi nawaona huku, jogoo kwa tetea, nikamsomea Mama Neema mpaka akasahau mapazia.

Wifi nimemwomba radhi, ila ule uongo wa umeme najua ataurithisha hadi kwa wajukuu.

Kesho waje wageni wanaotaka. Dirisha litabaki wazi. Kitambaa nimekirudisha juu ya redio.