Kinyama Kilicholala Bapa: Kwa Mama Yetu Tokie

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na theluji ya mji wetu wa Yokote, hapa Japani, imejaa tena mlangoni mwa saluni yako. Hakuna anayeifagia.

Wateja wako wanakumbuka mikono yako laini na mdomo wako usiokuwa na breki. Mwanamke akishakaa kwenye kiti, shuka shingoni, ulimuuliza kama amepima saratani ya utumbo mwaka huu. Akijiumauma, ulisimamisha mkasi. "Basi leo nakata upande mmoja tu, shoga. Wa pili nitaumalizia ukitoka hospitali." Walicheka, lakini walikwenda. Kila theluji ilipoyeyuka uliwapakia kwenye gari lako dogo, ukawapeleka mwenyewe.

Na wewe ulipima. Madaktari walipokuta utumboni kinyama chenye kikonyo, kimechomoza kama uyoga, wakakikata, ulirudi ukatupikia chungu kizima cha uyoga, ukacheka hadi machozi. Baba alikataa kula. Daktari alisema utumbo wako sasa ni safi, nasi tukaamini.

Hatukujua kwamba viko visivyochomoza. Chako cha pili kilikuwa kimelala bapa, kimebonyea katikati kama mahali palipobonyezwa kidole kwenye unga uliokandwa, rangi yake ile ile ya utumbo. Kilikuwa kidogo kama ukucha, lakini kilishachimba chini. Kilipoonekana, saratani ilikuwa imefika kwenye ini.

Daktari Nishiwaki alitueleza huku ameinama, paji la uso likikaribia kugusa meza. "Hivi ndivyo vinavyotuponyoka," alisema. "Huenda mara ile kilikuwepo, nikakipita."

"Inuka, daktari," ulimwambia. "Mimi nimeishi nacho tumboni na sikukijua, sembuse wewe uliyekuwa mpita njia." Aliyelia ni yeye. Wewe ulimuuliza ni nani anayemkata nywele vibaya hivyo.

Mama, tungependa kukuambia kwamba kazi yako inaendelea. Haiendelei. Juzi, mtawa wa hekalu alipomaliza sala ya mwaka, binti yako Sanae aliwauliza wateja wako ni nani atakayekwenda naye kupima safari hii. Wakatazama mabakuli yao ya chakula. Aliyejibu ni Mama Hatsumi: "Mwanangu, usinielewe vibaya. Tokie hakukosa hata mwaka mmoja. Yuko wapi?"

Sanae alitaka kusema kwamba wengi hupona wakiwahiwa, kwamba daktari akimwagia utumbo dawa ya buluu ya kuutia rangi, hata vilivyolala huweza kuonekana. Yote anayajua. Lakini aliinuka, akaenda jikoni kuosha vyombo.

Baba naye haendi. "Kama ninacho, kinipeleke kwake," alisema akimenya chenza.

"Na mimi je, Baba?" Sanae alimuuliza. "Nibaki na nani?"

Baba alimkatia nusu ya chenza, akamwekea kiganjani. Walikula wote wawili bila kutazamana.

Sanae atakwenda peke yake. Ametuambia hana matumaini yoyote, anakwenda tu kwa kuwa hajui afanye nini kingine.

Tunaokulilia: mumeo Kenkichi, wanao Sanae na Takehiro, mkweo Mieko, na dada yako Kinuyo, ambaye tangu ulipoondoka hajakubali mtu mwingine amguse nywele.

Hatutakusahau, Mama, muda wote tutakaokuwa hai.