Kona Iliyokunywa Maji

Mpendwa mshauri, pokea salamu kutoka Ihanja, nami naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana mimi ni mlinzi wa ghala huko Mkiwa na nyumbani hurudi mwisho wa juma tu, kwa hiyo tulipoamua kuacha tembe na kujenga nyumba ya bati nilimwachia mke wangu Dina usimamizi, na fundi ni mjomba wangu Mughwai, kaka yake mama, tukapatana msingi usifukiwe mpaka Dina aukague, basi siku Dina alipokwenda kusaga unga mjomba akawaita majirani, pombe ikanywewa, msingi ukafukiwa wote, na Dina aliporudi hakugomba, alipiga magoti akasema, "Shikamoo mjomba," halafu akamwaga debe la maji kwenye kona ya chumba cha watoto, maji yakazama yote, akamwaga la pili, likazama, jiwe likainama watu wakiona, kumbe pale palikuwa na kichuguu na mjomba alikisawazisha juu juu tu akapanga mawe. Dina akasema, "Mjomba, pafukuliwe." Lo! Mjomba akatupa mwiko, sasa anataka Dina apige magoti mbele ya majirani walewale aseme alikosea, la sivyo hakanyagi kwetu tena, mama analia hali chakula, na Dina ananiambia, "Ukiniambia niombe radhi nitaomba, lakini watoto wangu hawatalala chumba kile." Mshauri, namwonea fahari mke wangu mpaka najificha nisionekane nacheka, ila huyu ni mjomba, nifanyeje?

Melkiori, Ihanja, 1954

Bwana Melkiori,

Unajificha wapi, mwanamume mzima? Mke kama huyo mtu hutembea naye kifua mbele! Alitoa heshima kwanza, kisha akaacha maji yaseme. Mimi nisingekumbuka hilo debe, nakuambia kweli, na barua yako nimewasomea wenzangu wote hapa ofisini.

Pole kwa machozi ya mama, na mjomba si mtu wa kutupwa. Lakini Dina aombe radhi ya nini? Aseme hakuona alichokiona? Watoto ndio watakaolala chini ya ukuta huo. Na wewe ndiye uliyepatana na mjomba, halafu ukamwacha mkeo asimame peke yake. Hapo umekosa, ndugu yangu.

Jumapili nenda kwa mjomba mapema, kabla hajaketi na wenzake. Mwombe radhi wewe, kwa kuwa hukuwapo, kisha mwambie waziwazi kwamba kona inafukuliwa. Omba ruhusa kazini uwepo. Chimbeni kichuguu mpaka kwa malkia wake, mfike udongo mgumu, mshindilie kidogo kidogo, na Dina akague kabla hamjaongeza kitu. Mwiko mrudishie mjomba mkononi. Akikataa, tafuta fundi mwingine, na mama mbembeleze tu.

Akikubali, nyumba ikiisha yeye awe mgeni wenu wa kwanza. Mtandikie kitanda kwenye kona ile ile, mvua ikiwa imeshika. Asubuhi Dina ampelekee maji ya kunawa, amwulize: "Shikamoo mjomba, umelala salama?"