Koti la Majura na maji yaliyolala

Jumamosi, Manyamanyama, Bunda. Mawingu yamekaa juu yetu tangu alfajiri kama mgeni ambaye hataki kusema kilichomleta. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Na mimi niko hivyohivyo.

Leo asubuhi sindano ya cherehani imepita kwenye kidole changu. Imeingia pembeni ya kucha ikatokea chini. Nimeiangalia. Nimezungusha gurudumu kwa mkono wa pili nikaitoa taratibu, kama vile naitoa kwenye gauni la mteja. Damu imetoka. Maumivu hayakutoka.

Hayapo.

Wale mnaonifuata hapa mnajua, ukurasa huu alinifungulia mwanangu Majura ili niweke picha za sare na magauni ninayoshona, mimi nikaufanya mahali pa kumwagia moyo. Mnajua pia kwamba kwa kujisifu sijambo. Basi ngoja nijisifu kwanza, hayo mengine yatafuata.

Majura anaondoka Jumatatu kwenda Dar es Salaam kuanza masta. Masta, siyo cheti. Sayansi za tiba, wenyewe wanaita baiomedikali, na hilo neno nimelifanyia mazoezi siku mbili nikipika mpaka sasa linatoka bila kukwama. Mimi niliishia darasa la saba. Ukoo wetu wote, upande wangu wa Butiama na upande wa marehemu baba yake kule ziwani, hakuna aliyewahi kufika huko. Hakuna! Kama yupo ajitokeze, anitumie picha akiwa na joho.

Jumatano nilienda Musoma mjini kununua kitambaa cha koti lake la maabara. Yule mama wa dukani akaniuliza koti ni la nani. Kosa lake. Nilimweleza mpaka wateja wengine wakaanza kujipimia vitambaa wenyewe. Nikachagua tetroni nzito, nyeupe ya kuumiza macho. Nikarudi nikakata siku hiyohiyo, na juu ya mfuko wa kifuani nikadarizi kwa uzi wa bluu: Dkt. Majura.

Majura alipoliona akashika kichwa.

"Mama! Hii ni masta, siyo udaktari. Watanicheka maabara nzima."

"Si utakuwa? Nimekutangulia tu."

"Fumua, mama, nakuomba. Na huyo Mama Wegesa naye umwambie, maana jana kaniletea mguu."

Ni kweli. Jirani yangu Mama Wegesa, kwa jinsi nilivyomtangazia, alikuja akakaa, akavua kandambili, akaweka mguu uliovimba juu ya stuli mbele ya mtoto. "Haya daktari, nitazame." Majura akamwambia kazi yake yeye ni kuangalia damu kwenye darubini, wenye miguu wanaendaga hospitali. Mama Wegesa akavaa kandambili yake. "Basi hiyo darubini si ungekuja nayo!"

Nilicheka sana. Nakumbuka kwamba nilicheka, kama mtu anavyokumbuka kwamba juzi alikula.

Alhamisi mchana Majura alikuwa anajiandaa na maelezo atakayowapa walimu wake, kuhusu kitu anachotaka kukichunguza. Nikamwambia anisomee na mimi, kwa Kiswahili, nijifanye mwalimu. Nikakaa kwenye kiti na tepu ya kupimia shingoni. Yeye akasimama mlangoni na karatasi zake, kijana mrefu, shati limepigwa pasi. Nilijisikia kama waziri.

Anataka kuchunguza selimundu.

Hilo jina si geni kwangu. Alipokuwa mwaka wa pili chuoni alijipima damu akakuta amebeba nusu ya huo ugonjwa bila kuumwa. Alirudi nyumbani akanikalisha. "Mama, nadhani dada alikuwa na selimundu." Siku ile nililia mpaka koo likakauka, lakini kuna kitu kilitua. Angalau ugonjwa ulipata jina.

Kwa sababu kabla ya Majura nilikuwa na Nyangeta.

Hapa sijawahi kumwandika. Bunda nzima wananiita Mama Majura, na nyie mnaniita hivyo, na mimi naitika. Lakini jina langu ni Mama Nyangeta. Alikufa akiwa na miaka kumi na mmoja. Majura alikuwa na saba.

Basi Majura akasoma. Kwamba chembe za damu za mgonjwa zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, mwili unauma kwa sababu damu haipiti. Kwamba maumivu hayo yanaweza kuchochewa na homa, na kukosa maji ya kunywa, na kuchoka sana, na baridi ya ghafla, kama mtu kuingizwa kwenye maji ya baridi.

Akaendelea. Mimi nilibaki kwenye maji.

Alipomaliza nikapiga makofi. Nikasema, "Safi sana baba, wamekwisha hao." Nikaenda kusonga ugali.

Tangu hapo sisikii kitu.

Niseme yote sasa. Tulikuwa tunaishi kijijini kwa mume wangu, upande wa Majita, nyumba ziko hapa, ziwa liko pale. Nyangeta alikuwaga anavimba mikono na miguu tangu akiwa mdogo sana. Kwa wakwe zangu uvimbe unashushwa na maji ya ziwa ya alfajiri, kabla mtumbwi haujayagusa. Walikuwa wanayaita maji yaliyolala. Unamwingiza mtoto mpaka kiunoni, unamshikilia humo mpaka kule ng'ambo kunapoanza kupambazuka, ndiyo unamtoa.

Mimi nimezaliwa Butiama, kwetu hakuna ziwa. Nilitaka wale watu waone kwamba mke waliyemtoa nchi kavu anaweza kuliko wao. Mtoto akivimba, sikukosa hata alfajiri moja. Na nilijisifu. Ufukweni, mbele ya wanawake wanaoanika dagaa, nilisema kwa sauti: mama gani mwingine hapa anaamka hivi kwa ajili ya mtoto?

Nyangeta alikuwaga ananing'ang'ania shingoni kwa mikono miwili. "Mama, leo tusiende."

Mimi namwambia jikaze, wewe mtoto wa nani?

Alipokufa nilikaa mwaka mmoja, nikahamia Bunda. Niliwaambia watu nimefuata biashara ya cherehani. Mpaka leo nikienda Musoma naishia madukani, kule chini kwenye maji sishuki.

Jana, Ijumaa, tulikwenda Butiama Majura akamuage bibi yake, mama yangu mzazi. Tulipofika tu, bibi akapaza sauti kutoka jikoni.

"Mume wangu! Unaniacha tena? Hayo masomo hayana mwisho?"

"Miaka miwili tu, mke wangu."

"Miaka miwili! Nitakuwa nimeshaolewa na mwenye ng'ombe. Wewe una nini? Madaftari!"

Watu wote wakacheka. Akampa kuku jike amefungwa miguu, akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kizanaki, maneno marefu. Halafu akanigeukia mimi. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita jina langu.

"Na wewe Mama Nyangeta, mbona uko hapa lakini haupo?"

Nikasema ni uchovu wa maandalizi. Jina lile, siku nyingine likitajwa huwa linanipiga kifuani. Jana lilipita kama jina la mtu wa kijiji kingine.

Wakati wa kurudi, gari lilisimama Kiabakari. Majura akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa lile lililoiva vizuri. Nikala mpaka likaisha, sikujua kama lina chumvi. Nilitaka kumwambia palepale. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama ameshapaki vyeti.

Hili ndilo lililokuwa linanisumbua, kama mtu aliyekufa ganzi anaweza kusumbuliwa. Nikimwambia, anaondoka na begi lake na habari hii juu yake, kwamba mama yake alifanya nini. Nisipomwambia, ipo siku atajumlisha mwenyewe, yuko peke yake na darubini yake, mimi niko mbali, na atajua pia kwamba nilinyamaza.

Basi turudi kwenye kidole.

Leo asubuhi nilikuwa natia vishimo vya vifungo. Sindano ilipopita, tone la damu likaangukia koti, palepale kifuani. Kwa kitambaa cheupe fundi hafikirii mara mbili. Damu inatolewa kwa maji ya baridi, ya moto yanaigandisha. Nikatoka uani, nikamimina beseni maji ya ndoo iliyokaa nje usiku kucha, nikazamisha koti, nikazamisha mikono.

Yalikuwa ya baridi. Maji yaliyolala.

Mikono ikakataa kutoka. Sijui nilisimama pale muda gani nimeinama. Majura akatokea akaona beseni lina rangi.

"Mama! Umejitoboa kidole hivyo husemi?"

"Nilikuwa namwogesha."

"Nani?"

"Dada yako. Ziwani."

Nikamwambia yote nikiwa nimeinama hivyohivyo, namwambia beseni. Alfajiri zile, kujisifu kule, mikono shingoni, na lile neno jikaze. Sikulia. Nilitoa habari kama mtu anayesoma risala.

Kuku wa bibi alikuwa anaparua chini ya kamba ya nguo, Majura akamwangalia yule kuku weee.

"Najua, mama," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nabeba kitenge cha kumkaushia."

Nilikuwa nimesahau. Ni kweli, alikuwa anakuja nyuma yetu, kitenge amekizungushia kichwani kisiguse mchanga.

Kumbe anajua tangu mwaka ule wa pili. Kila akinieleza habari za selimundu alikuwa anairuka sehemu ya baridi. Alhamisi alijisahau kwa sababu alikuwa anasoma kwenye karatasi, na alipoona napiga makofi akashukuru Mungu, akadhani lile neno la baridi halijanishika. Tumekaa nyumba moja miaka yote hiyo, kila mtu anamfichia mwenzake kitu kilekile.

Nikamuuliza, "Ndicho kilichomuua?"

Alichuchumaa akawa sawa na mimi.

"Sitakudanganya, mama. Yale maji yalimuumiza. Ugonjwa hayakumletea, alizaliwa nao, nusu kwako, nusu kwa baba. Kilichomuua siku ile sikijui. Hakuna aliyempima."

Hakuniambia usijilaumu. Nashukuru hakuniambia, ningejua ananituliza kama mteja. Aliitoa mikono yangu kwenye maji, akachukua kipande cha tetroni kilichobaki, akanifunga kidole, anafunga vizuri huyo, hata daktari mwenyewe haoni ndani. Halafu akaniuliza kitu.

"Kule nikiulizwa kwa nini nimechagua hili somo, nimtaje?"

"Mtaje," nikasema. "Na maji uyataje."

"Nawe je?"

"Sema mama alikuwa hajui. Halafu sema sasa anajua."

Sasa ni saa kumi jioni, mawingu bado yako palepale. Koti limetakata, liko kwenye kamba. Ile Dkt. nimeifumua kwa wembe, herufi moja moja. Yamebaki matundu ya sindano, ukisogea karibu sana unaweza kuyasoma. Hayo siyatoi. Miaka michache tu nitapitisha uzi tena palepale, na Mama Wegesa atakuwepo ashuhudie.

Kesho baada ya misa wanajumuiya watakuja kumwombea safari, na nitampikia yule kuku. Jumatatu nitamsindikiza stendi. Jumanne sipokei nguo za mtu. Nitakwenda Majita, nishuke mpaka chini kwa wanawake wanaoanika dagaa, maana najua wapo wanaoingiza watoto mpaka leo. Nilijisifu pale kwa sauti. Na hili nitalisema kwa sauti ileile.

Haya yote Majura ameyasoma kabla sijayaweka hapa. Amesahihisha maneno mawili, akanirudishia simu. "Weka, Mama Nyangeta."

Hajawahi kuniita hivyo.

Kidole kimeanza kuuma.