Orodha ya Jumapili

Malvern, Johannesburg
7 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mguu umepungua uvimbe. Saida hapo nyumbani aikuze hii picha ya barua kwenye simu yake, usije ukakaza macho bure. Huku tu wazima. Baridi imeanza, na Kaka Nassir ameshaanza kulala na soksi mbili.

Mama, timu inakufa. Jumapili tumefungwa tena pale Turffontein, nne bila, mechi ya tisa mfululizo. Watu waliokuja kututazama waliondoka wakati wa mapumziko. Kocha ni mimi, kwa hiyo lawama zote zangu. Mabeki wangu wana miaka thelathini na tano kwenda juu. Wanajua mpira, ila mpira unawapita.

Sasa Polycarp, yule Mkenya mwenye timu ya Midrand, ameniletea neno. Ana vijana wengi wasio na mtu mzima wa kuwaongoza uwanjani. Atanipa wawili, Jacques na Mansour, wa miaka kumi na tisa, wasiojua kuchoka. Anataka mmoja tu. Anamtaka Kaka. Atamtafutia kazi ya ghala hukohuko, na chumba.

Unajua kwamba timu yetu si mpira tu. Mechi ikiisha, Khatibu dereva husimama mlangoni mwa kombi akasoma orodha ya majina, na kombi haiondoki mpaka kila jina liitike. Tulianza hivyo mwaka ule wageni walipokuwa wanapigwa mitaani, na hatujaacha. Asiyeitika anatafutwa. Lakini anayehama timu, jina lake linafutwa, ndiyo sheria tuliyojiwekea. Jina la Kaka ndilo la kwanza tangu siku ya kwanza.

Wewe uliikuta timu ya netiboli ya kiwanda ikiburuza mkia ukaifikisha fainali ya mkoa. Nifanyeje?

Mwanao,
Seif


Tanga
10 Mei 2024

Mwanangu Seif,

Waalaykum salaam, marahaba. Mguu ni uleule, siku unanitii, siku unanigomea. Saida mzima, mvivu. Nassir mwambie soksi hazitoshi, avae ile fulana ya sufu niliyomfumia. Najua ameificha kwa sababu ni ya manjano.

Kosa la makocha wanaofungwa ni kutia viraka. Leo unamtoa huyu, kesho unamrudisha yule, mwisho unabaki na timu ileile imechoka zaidi. Mimi nilipokabidhiwa timu ya kiwanda nilimwambia meneja mbele ya watu: mwaka huu tutafungwa, uzoee. Nikawaingiza wasichana wapya waliotoka kuajiriwa, wakapigwa magoli ishirini, wakalia, wakarudi mazoezini. Mwaka wa tatu hakuna aliyewagusa. Na wakongwe niliwatoa wangali wanatakiwa. Ukingoja mpaka mtu hatakiwi popote, utambadilisha na nani? Mmoja wao alikuwa Duni, mdogo wangu wa tumbo moja. Nikampeleka timu ya bandari, nikapata wadakaji wawili.

Basi jibu langu ni hili: kata. Kama wanamtaka Nassir leo, mpe leo. Uwanjani sina mtoto.

Ila nina sharti moja. Umwambie wewe, uso kwa uso, kabla hajasikia popote. Duni alijua kwa kusoma ubao wa matangazo, kwa sababu mimi niliogopa macho yake. Huu mwaka wa thelathini na sita hajala chakula kwangu. Usifanye nilichofanya.

Mama yako,
Zuhura


Malvern
21 Mei 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na mguu pia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo sijui.

Wiki nzima nilitaka kumwambia. Jumatatu alipika maharage ya nazi, nikaona nisiharibu chakula. Alhamisi nilianza kabisa, nikasema, "Kaka, kuna jambo." Akanikatiza, akakunja suruali kunionyesha goti, eti limepona, Jumapili nitamwona. Nikaishia kumsifia goti.

Jumapili tulifungwa mbili moja. Khatibu akasoma orodha niliyomwandikia mimi. Alianza na Twalib. Kaka alikuwa ameshafungua mdomo kuitika, maana yeye ndiye wa kwanza siku zote. Akangoja. Majina yakasomwa mpaka yakaisha, na watu wote tukawa tunatazama viatu vyetu. Polycarp alikuwa pembeni na gari yake, tulivyopatana.

Kaka alicheka kidogo. Akasema, "Sawa, sharp, Kocha," akachukua begi lake. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina lingine ila Sefu.

Mwanao,
Seif


Tanga
23 Mei 2024

Seif,

Salamu nimezifupisha kwa sababu nina hasira.

Nilikuomba jambo moja. Nenda Midrand. Ukae chini chumbani kwake mpaka akupe chai. Akikataa kukupa, kaa. Usiniandikie habari za mpira kabla hujaenda.

Nami sijikoshi. Neno la kata nililitoa mimi.

Mama yako,
Zuhura


Malvern
10 Juni 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mguu? Najua ulinikataza, lakini hii siwezi kukaa nayo.

Tumeshinda! Tatu bila, jana, Turffontein. Jacques alifunga mawili, la kwanza kwa pasi ya Twalib na la pili kwa mpira wa kutenga. La tatu la Mansour, aliwapita mabeki wawili na kipa. Watu waliingia uwanjani wakambeba Khatibu, dereva wa watu, mpaka akapoteza kiatu. Ulisema mwaka wa tatu, na mimi sijamaliza mwezi.

Na Kaka alikuja kutazama. Alisimama nje ya uzio, kavaa ile fulana yako ya manjano. Bao la tatu alipiga makofi, nilimwona.

Midrand bado sijaenda, kazi zimenibana. Jumapili ijayo, wallahi.

Mwanao,
Seif


Tanga
20 Juni 2024

Seif,

Waalaykum salaam.

Idi imepita Jumatatu na Nassir hakunipigia. Tangu aondoke hapa hajawahi kukosa Idi, hata mwaka ule alipokuwa hospitali aliazima simu ya muuguzi. Nimempigia mimi, simu haipatikani. Saida naye amepiga mpaka amechoka.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umenieleza nani alifunga, nani alitoa pasi, na kiatu cha Khatibu. Hukunieleza Nassir alirudije nyumbani.

Mama yako,
Zuhura


Malvern
29 Juni 2024

Mama,

Assalaam alaykum. Sithubutu kukuuliza hali.

Habari yenyewe Saida ameshakupa, kwa kuwa nilipopiga nilimwomba yeye akuambie. Haya yaliyobaki hakuna mwingine wa kukuambia.

Siku ile tuliyoshinda alikuja mpaka kwenye kombi. Khatibu akasoma orodha, Kaka amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, mikono mfukoni. Viti viwili vilikuwa wazi. Majina yalipoisha Khatibu alinitazama, akangoja niseme. Nilikuwa nimeona aibu, Mama, na aibu ikanifanya mkali. Nikasema, "Eish, funga mlango twende." Kaka akainua mkono kutuaga.

Alitembea kwenda kutafuta teksi za Midrand. Kwenye robot ya pili, taa za barabarani, gari ilimgonga, na mwenye gari hakusimama. Mfukoni hakuwa na kitambulisho, na simu yake haikuonekana. Kule Midrand kila mchezaji huondoka kivyake, hakuna anayemwita mwenzake. Polycarp alipoona hayupo alidhani tumemrudisha Malvern. Sisi tulidhani yuko Midrand. Hakuna hata mmoja aliyemtafuta, mpaka ilipofika barua yako.

Alilala chumba cha maiti siku kumi na tatu bila jina. Nilionyeshwa kwanza mfuko wa nguo. Niliiona fulana kabla hawajamaliza kuufungua.

Tulimwosha mimi na Khatibu. Goti lake lilikuwa limepona kweli. Tumemzika Jumatatu, timu nzima ilikuwepo.

Sitaki uniambie si kosa langu.

Seif


Malvern
22 Julai 2024

Mama,

Assalaam alaykum. Nimeandika mara mbili, hukujibu. Saida anasema unakula kidogo na husemi na mtu.

Jana vijana wameshinda tena, ni mechi ya tano mfululizo. Nilikaa kombini, sikutazama. Nafikiri kuivunja timu. Niambie lolote, hata tusi.

Mwanao,
Seif


Tanga
4 Agosti 2024

Seif,

Waalaykum salaam. Mguu usiuulize.

Duni alikuja siku ya tatu ya matanga. Alipika, akapakua, akala nami sahani moja. Miaka thelathini na sita nilikuwa naingoja siku hiyo, na ilipofika sikusikia ladha ya chakula.

Umeniambia nisiseme si kosa lako. Siwezi kusema hivyo hata ningetaka. Sijakusamehe, na sijui lini. Kila nikikaribia, nakumbuka barua yangu ya mwezi wa tano, na jinsi nilivyojisikia fundi wakati naiandika.

Timu usiivunje. Wale watoto wawili hawakuomba kubadilishwa na mtu. Wamehamia kwako, sasa ni wako.

Mwambie Khatibu arudishe jina la Nassir kwenye orodha, la kwanza, kama zamani. Alisome kila Jumapili. Mtu yeyote asimwitikie. Mngoje kidogo, mtazame kwenye uzio, ndipo aendelee na mengine. Na mkiona mtu amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, wa kwenu au si wa kwenu, mpandisheni.

Ile fulana nirudishie. Usiifue.

Hapa mtaani bado wananiita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Asubuhi nikienda sokoni wananiita hivyo, jioni wakipita barazani wananiita hivyo, na hakuna aliyeona haja ya kugeuza. Naitika.

Mama Nassir