Jina la Lile Korongo

Baba Paskali,

Mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na bado nikipika naweka maji ya watu wawili.

Wiki hii watu wa ramani wametoka Katesh kuupima mlima wetu. Wana vyombo vya miguu mitatu, na kandege kadogo kanakolia kama nyuki. Binti mmoja wao alikuja hapa nyumbani, akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akafungua karatasi yake. Imejaa mistari. Akaniambia inapobanana ndipo mlima umesimama wima. Akaweka kidole penye korongo letu.

"Mama, hili linaitwaje?"

Korongo lina jina la baba yako, na sisi wake hatutaji jina la baba mkwe. Sijalitamka tangu uliponioa.

Unakumbuka siku ya ukungu, tukimtafuta yule ndama mwekundu? Ukaita toka juu, "Uko wapi?" Nikajibu, "Niko kwa mzee!" Ukacheka. "Mzee yupi? Mlima wote huu ni wa wazee!" Ukaanza kutaja makorongo moja moja, na ulipolifikia lile nikapiga kelele, "Hapo hapo!" Ukashuka kunichukua. Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu.

Sasa nani anisemee? Paskali yuko machimboni, simu haipatikani. Jirani, naye mgeni wa juzi tu, akamwambia binti, "Andika halina jina." Binti akashika kalamu, maana mchana huo huo walikuwa wanaondoka. Baba yako alichunga mle ujana wake wote, leo iandikwe kama hakuwahi kuwepo?

Nikakimbilia ndani, nikatoa kadi yako ya kura kwenye lile kopo la majani ya chai. Nikamwonyesha kwa kidole. "Hapo. Jina la baba yake."

Akalisoma kwa sauti, hapa uani kwetu. Nikageuza uso kama inavyotakiwa, lakini mdomo ukanitoroka, "Hapo hapo!"

Binti akashukuru, akaandika, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama, natazama juu, kama kuna mtu atashuka kunichukua.

Kama nimekosea, nisemee kwa mzee.

Ni mimi,
Mama Paskali