Njia ya Katikati ya Malori

Sekenke, 3 Juni 2024

Mwanangu Eliza,

Hujambo? Sisi wazima, mama yako goti tu linamsumbua. Simu yangu bado mbovu, barua hii anakuletea Bonaventura wa bodaboda.

Jumamosi nilikuja Shelui. Nilisimama pale yanapoegeshwa malori, ukapita na sufuria la chakula. Nilikuita jina lako mara tatu mbele za watu. Hukugeuka, hukuniamkia. Kama umeanza kunidharau, niambie nijue.

Baba yako, Simeoni

Shelui, 6 Juni

Baba, shikamoo. Mpe mama pole ya goti.

Sikukudharau, sikukusikia. Kila siku napeleka chakula kwa mafundi wa matairi, na njia ni hiyohiyo, katikati ya malori. Vijana wa malori hunisemesha: "Mtoto, mzigo wote huo unabeba peke yako?" Nikinyamaza: "Unaringia nini, sura yenyewe hiyo." Mwaka jana mmoja wao alimuuliza Sikudhani, mwenye mgahawa wetu, naitwa nani. Sasa wote wananiita Eliza. Mwanzoni nilikuwa nalia. Siku hizi sauti ya mwanaume ikitoka upande ule hainiingii, hata ikitaja jina langu. Nisamehe.

Mwanao, Eliza

Sekenke, 10 Juni

Eliza, mwanangu, salamu nyingi. Mama yako ana nafuu.

Barua yako niliisoma peke yangu. Siku ile, kabla yako, alipita binti mwenye ndoo. Vijana wakamwambia maneno ya namna hiyo, nami nikacheka nao. Sikujiuliza ni mtoto wa nani. Naona aibu.

Jumamosi nakuja tena. Sitakuita. Nitasimama palepale, utaniona mwenyewe.

Baba yako

Shelui, 16 Juni

Baba,

Kuku uliyemwacha kwa Sikudhani nimempokea. Anasema ulisimama tangu asubuhi hadi basi la saa tisa, na nilipita mbele yako mara nne. Anasema hukutamka neno, kama ulivyoahidi.

Nilitoka nikiwa na nia ya kukutafuta. Lakini nikifika pale macho yanashuka yenyewe. Viatu vya kiume vikisimama njiani navikwepa. Vyako navyo nilivikwepa, mara zote nne.

Nilitaka kulia nikashindwa. Nikarudi kuosha vyombo.

Shikamoo, baba. Hiyo ni ya jana.

Mwanao, Eliza