Mwenyekiti Ameleta Kiti

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Wewe, wifi yangu na watoto hamjambo? Kile kikohozi chako kimepona? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo kaa chini usome vizuri.

Kaka yetu mkubwa, ambaye tangu aanze kuongoza vikao vya familia tunamwita Mwenyekiti, ameamua kulistahili jina. Ameleta kiti. Cha magurudumu, kinang'aa, bado kina nailoni. Alikiweka katikati ya sebule, akapigwa picha amekishika, akaituma kwenye kundi la familia: "Mama sasa apumzike." Nawe ukaweka vile vimikono vya pongezi. Nimeviona.

Unajua anavyotibu. Tangu Mama aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson, kila kinachompata kina jibu moja: "Ni ule ule." Akiyumba anapoinuka kitandani, ni ule ule. Akilalamikia goti, ni ule ule. Asipohisi kandambili ikimvuka mguuni, ni ule ule. Juzi Mama alipiga chafya, nikamtazama bwana huyo nikisubiri hukumu. Mtu hajawahi kusoma hata karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa!

Basi nilimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari alimpima presha amelala, akampima tena amesimama, ikaporomoka. Ndiyo maana anayumba. Ile dawa ya presha ya zamani imekuwa kali kwake, amempunguzia. Goti la kulia, lililokanyaga cherehani maisha yake yote, limesagika. Ganzi ya miguu ni sukari. Nikauliza, "Na Parkinson je?" Akasema, "Ipo. Inamkaza mwili, inamgandisha miguu mlangoni. Lakini goti ni goti. Mkimkalisha tu, atapoteza hata hatua alizo nazo."

Nilimpigia Mwenyekiti nikamweleza yote. Alinisikiliza kama anayesikia redio ya jirani, kisha akasema, "Mdogo wangu, usijisumbue. Ni ule ule. Jumamosi nakuja kumchukua akae kwangu, kiti anacho." Yaani chumba cha uani, televisheni mbele, basi. Mama alimwambia hataki. Akajibiwa kwamba hata huko kukataa ni ugonjwa.

Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyomdharau huyu, na ni wa tumbo moja. Wewe nakudharau kidogo tu, kwa kuwa uko mbali na unapenda kila mtu akupende. Mpigie kabla ya Jumamosi. Mwambie umeondoa vimikono vyako na Mama haendi popote. Wewe atakusikiliza kwa sababu ni mwanamume mwenzake, ndivyo akili zake zilivyo.

Sikudanganyi, kupona hatapona. Mikono inatetemeka, na mlangoni bado anaganda mpaka nimwimbie kidogo ndipo mguu unyanyuke. Lakini sasa anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, goti linafanyiwa mazoezi, na jana asubuhi alikwenda kuoga kwa miguu yake na fimbo. Nilipotaka kuingia naye kama kawaida, alinizuia kwa kiwiko. "Bado mimi ni mama yako," akasema, akafunga mlango. Nikasikia komeo likigongagonga, mkono ukilitafutia tundu lake, muda mrefu, mpaka likaingia. Nilisimama nje nalia, huku nimejiandaa kuvunja mlango. Hakuniita.

Msalimie wifi, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama mdogo na mjomba wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe riziki, na wiki hii akupe ujasiri wa kumwambia kaka yako hapana.

Wako akupendaye hata akiwa amekununia,
Dada yako